Waliouacha Ujana Wao Kaimosi

Waliokuja Kakamega kueneza Injili wakiwa vijana walirudi kwao na kumbukumbu tamu, wakaziandika vitabuni. Vijana wenzao waliowapokea nao walikuwa na ya kusimulia.

Mwaka 1937 Mmarekani mmoja aliyekwisha kuota mvi, Willis Hotchkiss, alichapisha kitabu kuhusu miaka yake arobaini Afrika Mashariki. Alikiita Then and Now in Kenya Colony. Miaka sita baadaye Edna Chilson, aliyekuwa mjane, akatoa kitabu cha maisha ya marehemu mumewe, Arthur. Alta Hoyt, aliyefika huku na mumewe kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikusanya ngano za Waluhya zikachapishwa mwaka 1951, kisha uzeeni akaandika habari zake mwenyewe. Helen Ford naye aliandika juu ya mumewe, Jefferson. Vipange vitabu hivi pamoja na utapata rafu nzima ya Wamarekani ambao nyoyo zao hazikutoka kwenye vilima vya Magharibi mwa Kenya: Kaimosi, Vihiga, Lirhanda, Lugulu, Malava.

Ukifikiri sana, jambo hili linashangaza. Watu hawa waliugua malaria, wakatolewa funza vidoleni, wakakaa wiki nyingi wakisubiri barua ivuke bahari hadi Mombasa na kupanda garimoshi hadi ziwani. Wengine waliwazika wenzao njiani. Mtu angetarajia vitabu vya malalamiko. Kumbe ni vitabu vya watu wanaokumbuka miaka yao bora.

Jibu la haraka ni wito, na ni la kweli, ila halitoshi. Wito humfanya mtu avumilie. Haumfanyi atamani kurudi. Lililowashika, kwa maoni yangu, ni kwamba walikuwa vijana mahali ambapo vijana wenzao waliwakaribisha, wakawafundisha kusema, wakajenga pamoja nao vitu vinavyoonekana kwa macho. Ujana huo ulikuwa wa pande mbili. Upande mmoja ulipata mchapishaji. Wa pili ulibaki katika masimulizi ya jioni, na umekuwa ukipungua kila mzee anapozikwa.

Watatu walioshuka Port Florence

Hotchkiss hakuwa mgeni wa Kenya alipofika Kaimosi. Alikuja mara ya kwanza mwaka 1895, kabla ya kilomita ya kwanza ya reli, katika msafara wa Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission. Walitoka pwani kwa miguu, wapagazi wakiwa na mizigo kichwani, hadi Ukambani. Scott alikufa Desemba 1896, hata miaka miwili haijatimu. Wenzake wakafuatana naye kaburini au wakarudi kwao, na kwa muda Hotchkiss akabaki karibu peke yake. Mtu mwingine angeapa kutoikanyaga tena nchi hii. Yeye alirudi Marekani akawa anazunguka makanisani akiwaambia vijana waje.

Aliowapata walikuwa watu wa chuo kimoja cha Biblia mjini Cleveland, Ohio, kilichoanzishwa na Walter na Emma Malone, Waquaker (yaani Friends) waliowatia vijana wao moto wa umishonari. Wawili, Arthur Chilson na Edgar Hole, wakakubali kwenda naye. Wakaunda shirika na kuliita Friends Africa Industrial Mission. Mpango wao haukuwa kuhubiri tu. Walikusudia kupasua mbao, kufyatua matofali na kulima, ili misheni ijilishe na wenyeji wajifunze ufundi.

Walisafiri mwaka 1902. Reli ilikuwa imefika ziwani Desemba 1901, kwa hiyo njia iliyowamaliza wenzake Hotchkiss sasa ilipitwa kwa garimoshi. Walishuka Port Florence, yaani Kisumu ya leo, wakaonana na ofisa wa serikali ya kikoloni, Charles Hobley. Ndiye aliyewaelekeza kwenye miinuko ya kaskazini mashariki, mpakani mwa Waluhya na Wanandi. Tarehe 17 Agosti 1902 walipiga kambi Kaimosi, na siku hiyo ndiyo Waquaker wa Kenya huihesabu kuwa mwanzo wa kanisa lao.

Kaimosi leo iko kaunti ya Vihiga, kando ya njia ya Chavakali kuelekea Kapsabet. Lakini hadi Vihiga ilipopewa wilaya yake mwaka 1990, yote hiyo ilikuwa Kakamega, na wazee wengi bado huihesabu hivyo. Msitu wake ni kipande kilichokatika kutoka msitu mkubwa wa Kakamega, masalio ya mwisho upande wa mashariki ya misitu ya mvua iliyofika hadi Kongo. Asubuhi ni jua safi. Alasiri mawingu yanakusanyika, radi inapasua, na mara nyingi mvua inashuka na mawe. Mbega weusi kwa weupe wanarukaruka juu ya miti. Kwa kijana aliyekulia katika mashamba tambarare ya katikati ya Marekani, ilikuwa nchi ya ajabu.

Mgeni aliyekuja na jembe lake

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuja na jembe lao. Mto Goli Goli ulikuwa na maporomoko, nao wakayatumia kuendeshea kiwanda cha kupasulia mbao. Matofali yakafyatuliwa na kuchomwa. Daktari Elisha Blackburn alifika mwaka 1903 na kuanza kutibu vidonda na homa. Emory na Deborah Rees walifika mwaka 1904 baada ya kufanya kazi Afrika Kusini, kisha wakahamia Vihiga, katikati ya Wamaragoli. Jefferson Ford akafuata mwaka 1914, akaipeleka kazi kaskazini hadi Lugulu.

Mtu anayetaka kuelewa utamu wa kumbukumbu zao aanzie kwenye kazi hiyo ya mikono. Kwao, kijana wa umri ule angekuwa karani, au mwalimu wa shule ya kijijini, au mkulima mdogo kwenye shamba la babake. Hapa aliona mti ukianguka Jumatatu, ukawa mbao Ijumaa, na baada ya miezi ukawa darasa lenye watoto. Ni wachache wanaopata nafasi ya kuona ujana wao ukigeuka jengo, na aliyeipata haisahau.

Jambo la pili ni unyonge. Mmishonari kijana alifika akiwa hajui hata kuomba maji. Alitegemea watu kumwonyesha njia, mto unaovukika, mboga inayoliwa na uyoga unaoua. Alikaribishwa obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda, na mvua za kwanza ziliposhuka, kumbikumbi wa kukaanga. Alipoheshimiwa alichinjiwa kuku, na pengine akapewa imondo, firigisi, ambayo katika nyumba ya Mluhya huwa ya mwenye mji. Aliyepewa hiyo amepewa cheo. Mzungu ambaye kwao alikuwa mtu wa kawaida akajikuta anaheshimiwa kama mzee na kufundishwa kama mtoto, yote kwa siku moja. Hali hiyo humlainisha mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini mara nyingi anayepona kwanza ni mgeni.

Waliowafundisha kusema

Sasa tuwatazame wenyeji wenyewe. Vijana waliofika Kaimosi miaka ile ya mwanzo hawakuja kutafuta dini. Wengi walikuja kutafuta kazi. Serikali ilikuwa imeanza kutoza kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa fedha. Kijana wa Tiriki au wa Maragoli aliyetaka babake asisumbuliwe alihitaji rupia, na misheni ilikuwa na kazi ya kubeba magogo na kukanda udongo wa matofali. Urafiki ambao wamishonari walikuja kuukumbuka kwa mapenzi mengi ulianza hivyo, kibaruani, kati ya vijana wawili waliotofautiana kwa kila kitu ila umri.

Majina ya baadhi yao yamehifadhiwa vizuri na kanisa: Daudi Lung'aho, Yohana Amugune, Yohana Lumwagi, Maria Maraga, Joel Litu. Daudi na Maria walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufunga ndoa ya Kikristo, na mtoto wao, Thomas Lung'aho, alikuja kuwa mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa hilo lilipopata mamlaka yake. Amugune alifundisha watu wa kwao Maragoli.

Ujasiri wa vijana hawa haukuwa mdogo kuliko wa waliovuka bahari. Aliyetoka Ohio aliacha nyumbani akisindikizwa na nyimbo na maombi. Aliyetoka boma la babake kwenda kukaa misheni aliacha nyumbani akisindikizwa na laana, au na kimya, ambacho ni kibaya zaidi. Mwanamke wa Kiluhya wa wakati ule hakuruhusiwa kula kuku wala mayai, na waliobatizwa ndio walioanza kuuvunja mwiko huo hadharani. Leo, katika nchi ambayo harusi bila ingokho, yaani kuku, si harusi, ni vigumu kuwaza jinsi kipande kile cha kwanza kilivyomkwama mtu kooni, macho yote ya ukoo yakimwangalia.

Lakini mfano mzuri kuliko yote ni Joel Litu. Emory Rees alipokuwa Vihiga alijifunza Kilogooli, lugha ya Wamaragoli, akakiandika, akaanza kutafsiri Biblia. Litu alikuwa mwenzake katika kazi hiyo: huyu ana kitabu cha kigeni mkononi, yule ana lugha ya mamake kinywani. Mwaka 1926 akina Rees walirudi Marekani baada ya zaidi ya miaka ishirini. Litu alibaki. Biblia nzima ya Kilogooli ilitoka mwaka 1951, robo karne baada ya mmishonari kufunga masanduku yake. Ndiyo tofauti kubwa kati ya kumbukumbu ya mgeni na ya mwenyeji. Kwa Rees, Vihiga ilikuwa sura iliyofungwa, na sura iliyofungwa husomeka vizuri. Kwa Litu kazi ilikuwa ingali mezani. Hakuwa na nafasi ya kuikumbuka kwa mapenzi, alikuwa anaifanya.

Habari za maisha ya Litu zilichapishwa mwaka 1982 katika kijitabu cha Rose Adede, nacho kilitolewa na Pendle Hill, kituo cha Waquaker huko Pennsylvania. Hata hapo mchapishaji alipatikana ng'ambo.

Mukumu na Butere

Waquaker hawakuwa peke yao. Ukitoka Kakamega kuelekea Kisumu, karibu na Khayega, unaiona Mukumu, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1906 na mapadre wa Mill Hill. Shirika lao liliundwa London mwaka 1866 na Herbert Vaughan, nalo lilikuwa limeingia Uganda mwaka 1895. Wengi wa waliokuja huku walikuwa Waholanzi. Hawa hawakuja kwa miaka michache. Padre wa zamani wa Mill Hill aliagana na mamake akijua kwamba huenda hawataonana tena duniani. Kwa hiyo kumbukumbu zao ni za namna nyingine: hawakuukumbuka ujana wao wakiwa mbali na mahali ulipopita, waliukumbuka wakiwa palepale, wakizeeka pamoja na watu waliowabatiza.

Nicholas Stam ni mfano. Alipokuwa padre huku aliandika juu ya mila na imani za Wawanga na majirani zao, akisikiliza wazee wakati ambapo wageni wengi walidhani hakuna cha kusikiliza. Baadaye akawa askofu. Hans Burgman, Mholanzi mwingine wa shirika hilo, ndiye aliyeandika mwaka 1990 kitabu juu ya jinsi Kanisa Katoliki lilivyoanza Magharibi mwa Kenya. Waliochoka miili walirudishwa Uholanzi, na wengi walimalizia siku zao katika nyumba ya wazee ya shirika huko Oosterbeek, karibu na Arnhem. Kwa padre aliyeishi Magharibi mwa Kenya tangu ujana, huko kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kwenda ugenini.

Butere inatoa hadithi ya kaka na dada. Mwaka 1912 Walter Chadwick, Mwairishi, mwana wa askofu wa Kianglikana, alianzisha misheni ya CMS (Church Missionary Society) pale. Dadake, Jane, akamfuata, na mwaka 1916 akaanza kufundisha wasichana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, maelfu kwa maelfu ya vijana wa nchi hii walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Chadwick alikwenda nao, akafa mwaka 1917. Jane alibaki na shule yake hadi miaka ya 1920. Kutoka darasa lile dogo ikazaliwa Butere Girls, ambako mwandishi Grace Ogot alisoma. Wako wanawake wengi wa nchi hii, mawaziri, madaktari na walimu wakuu, ambao wakiulizwa miaka yao mizuri ilipita wapi watataja bweni la Butere. Kumbukumbu ya mgeni mmoja imezaa kumbukumbu za maelfu ya wenyeji. Huo ni urithi ambao hata mkosoaji mkali wa wamishonari angesita kuukataa.

Yasiyopendeza kukumbukwa

Maana wakosoaji wapo, na wana hoja. Charles Hobley aliyewaelekeza vijana watatu Kaimosi kwa ukarimu ndiye yuleyule aliyeongoza msafara wa kijeshi dhidi ya Wabukusu mwaka 1895, vita vya Lumboka na Chetambe ambavyo Wabukusu hawajavisahau hadi leo. Oktoba 1905, wakati misheni ina miaka mitatu tu, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza ng'ambo ya pili ya mpaka, Nandi, na vita vikafuata. Amani ambayo mmishonari alihubiri chini ya mti ilikuwa imelindwa na bunduki ambazo hakupenda kuzitazama, hasa akiwa Mquaker, mtu ambaye dini yake inakataa vita. Na mamia ya ekari za misheni yalikuwa msitu na malisho ya watu.

Kuna pia mwaka 1927. Kaimosi ilipata uamsho. Chilson alihubiri juu ya Roho Mtakatifu, na waumini wakalia, wakaungama hadharani, wakanena kwa lugha. Viongozi wa misheni waliona mambo yamepita kiasi, nao walioshika njia hiyo wakatengwa. Punde Chilson akaondoka Kenya. Mwaka 1934 alianzisha misheni mpya Kibimba, Burundi, na huko akafa mwaka 1939, ndiyo maana habari zake ziliandikwa na mkewe. Lakini waliotengwa hawakuwa na Burundi ya kwenda. Walibaki vijijini mwao, wakichekwa na kufukuzwa kwenye ibada, na kutoka kwao likazaliwa kanisa la African Church of the Holy Spirit. Ukiwaona leo wakiandamana Jumapili na mavazi meupe yenye msalaba mwekundu, ngoma zikilia, unaiona kumbukumbu ya 1927 ikitembea barabarani. Hakuna kitabu cha mmishonari kinachoweza kuieleza vizuri kuliko hao.

Sisemi haya ili kuwapokonya wazee wale utamu wao. Mapenzi yao kwa nchi hii yalikuwa ya kweli, na wengi wao walifanya kazi ambayo serikali ya kikoloni haikujisumbua kuifanya. Nasema tu kwamba kumbukumbu tamu ina tabia ya kuchagua. Huubeba mkono uliokukaribisha na kuacha sababu iliyoufanya mkono huo uwe pale.

Aliyerudi kukaa

Wako waliochagua njia nyingine. David Zarembka, Mmarekani, alikuja Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 1964 akiwa mwanafunzi, kufundisha wakimbizi wa Rwanda nchini Tanzania. Hakuwa mmishonari wa kubatiza. Alikuwa kijana wa kujitolea, wa kizazi kile cha miaka ya 1960 kilichofika na chaki badala ya Biblia. Baadaye alifundisha Kenya. Angeweza kurudi kwao, akapata kazi nzuri, akawa anawasimulia wajukuu juu ya Afrika kila Krismasi.

Badala yake alioa Mluhya, akajiunga na Waquaker, na mwaka 1998 akaanzisha mpango wa amani wa nchi za Maziwa Makuu uliowaleta pamoja watu wa Rwanda, Burundi, Kongo na Kenya waliokuwa wameumizana. Uzeeni akahamia Lumakanda, Lugari, ndani ya kaunti ya Kakamega. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, yaliyoichoma Lugari na Turbo, hakuwa mgeni anayetazama kwenye runinga ng'ambo. Alikuwa jirani, katikati ya majirani waliofukuzana. Aliandika kitabu mwaka 2011, naye pia alitazama nyuma, lakini aliandika akiwa palepale anapopazungumzia, ambapo kila alilolisema lingeweza kupingwa na mtu wa nyumba ya pili. Alifariki mwaka 2021.

Kumbukumbu inayoweza kupingwa na jirani huwa na chumvi kidogo. Hilo ndilo funzo lake kwa waandishi wa kumbukumbu.

Zamu ya vijana wetu

Mambo yamegeuka. Kenya leo ndiyo nchi yenye Waquaker wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na wengi wao ni wa Magharibi. Walipata kanisa lao lenyewe mwaka 1946, na kufikia mwaka 1991 Waquaker wa dunia walipofanya mkutano wao mkuu katika vituo vitatu, kimoja kilikuwa Uholanzi, cha pili Honduras na cha tatu Chavakali. Tangu miaka ya 1970 kanisa hilo limekuwa likituma watu wake Turkana, na baadaye Samburu. Kijana wa Kakamega aliyepelekwa Turkana alikuta jua, vumbi na lugha asiyoijua, aliomba maji kwa ishara, alikula alichopewa. Mill Hill nayo sasa huwapokea vijana wa Kenya na Uganda na kuwatuma mbali, hadi Asia. Mapadre na wachungaji wa kwetu wanahudumu katika parokia za Ulaya na Marekani ambazo miaka mia moja iliyopita ndizo zilizokuwa zikituma. Na katika kanisa la Wamormoni, vijana Wakenya wasiofika hata miaka ishirini na mitano huenda wawili wawili katika miji ya nchi nyingine, wavulana wenye mashati meupe na tai kwa miezi 24, wasichana kwa miezi 18.

Watarudi. Wengi watasema ilikuwa miaka yao bora, na watakuwa wanasema kweli. Ningewaomba jambo moja tu kabla hawajasahau: waandike majina. Jina la mama aliyewapikia siku ya kwanza, la kijana aliyewafundisha salamu, la mzee aliyekataa kuwasikiliza na sababu yake. Vitabu vingi vya wageni waliokuja kwetu vimejaa mpishi, kijana wa kazi na mwalimu mwenyeji wasiokuwa na majina, na leo wajukuu wa mpishi huyo hawawezi kumtambua. Litu, Amugune na Maria Maraga wana bahati kwamba kanisa liliwakumbuka. Waliosahaulika ni wengi zaidi.

Na kuna kazi kwa tuliobaki nyumbani. Shirika la wale watatu lilichukuliwa mwaka 1911 na bodi ya misheni ya Waquaker wa Marekani, ambayo makao yake yalikuwa Richmond, Indiana. Sehemu kubwa ya barua, ripoti na picha zao imehifadhiwa huko, katika Chuo cha Earlham. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega, au wa Chuo Kikuu cha Friends pale Kaimosi penyewe, anayetaka kuandika historia ya kijiji chake, anahitaji viza na nauli ya ndege. Katika zama hizi ambapo karatasi hupigwa picha na kutumwa kwa dakika, hilo halina udhuru. Vyuo vyetu viwili viombe nakala za kumbukumbu hizo rasmi, kanisa liviunge mkono, na kaunti zote mbili, Kakamega na Vihiga, zitenge fedha kidogo.

Wakati huohuo, kila shule ya sekondari ya Magharibi ina klabu ya historia au walau mwalimu mmoja mwenye simu yenye kinasa sauti. Wapeni wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja akae na kukhu au kuka wake, yaani bibi au babu, amuulize wazazi wa mzee huyo walimkumbukaje mzungu wa misheni, walifanya kazi gani kwake, walilipwa nini, walicheka nini, walikasirikia nini. Wazee waliosikia habari hizo moja kwa moja kutoka kwa vijana wa kizazi cha Daudi Lung'aho wako katika miaka yao ya themanini na tisini. Upande wa wageni tayari unasomeka. Upande wetu unahitaji muhula mmoja tu wa walimu walioamua kuanza.